Kagari kashindwa kupanda mlima: volti, amperi na nguvu ya moteri

BUKAVU – Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imetoka kukatika, kwenye njia moja ya mawe na udongo mu komini ya Kadutu. Mtoto wa miaka 13 alisimama chini ya mteremko, telekomandi mkononi, wenzake sita nyuma yake. Gari yake nyekundu ilikuwa zawadi. Mama yake, muuza sambaza, aliinunua kisha mtoto kupita mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na alisema wazi kwamba hatanunua ingine.

Wiki za kwanza gari ilikuwa inapanda ule mteremko polepole, lakini inafika juu. Kisha mtoto akaona magurudumu yake ni madogo. Akakata mengine ndani ya sapatu za zamani, makubwa, ili gari ifanane na jeep. Ilipendeza kweli. Shida ni kwamba tangu siku ile mlima ukaishinda. Inafika pale chini, inaguna, inasimama.

“Ongeza mawe,” rafiki yake mmoja akamwambia. Mawe ni zile batri ndogo za tochi na radio. Gari ilikuwa na mbili, wakafunga ingine mbili kwa kaucho. Safari hii gari iliruka kama panya aliyeona paka. Watoto wakapiga makofi. Katikati ya mlima gurudumu la mbele likagonga jiwe, gari ikasimama, na mtoto akaendelea kufinya telekomandi akifikiri nguvu itashinda. Haikupita hata dakika moja, moshi ukatoka chini ya gari pamoja na harufu kali ya vernisi.

Fundi wa radio wa mtaa, mzee ambaye watoto wanamuita papa fundi, alifungua gari, akanusa moteri, kisha akapima gurudumu na rula.

“Nani alikuambia uweke hizi?”

“Ni mimi mwenyewe, papa.”

“Basi moteri haina kosa, mutoto yangu. Ulifanya mzigo kuwa muzito, kisha ukaongeza mbio.”

Maneno hayo mawili ndiyo habari yote. Watu wengi wanafikiri kuongeza volti ni kuongeza nguvu, na hiyo si kweli kabisa wala si uongo kabisa. Kujua tofauti kunaweza kuokoa gari ya mtoto, na pia pompi ya maji, demareri ya taksi na batri ya moto ya umeme, sababu zote zinafuata sheria ileile.

Volti inasukuma, amperi inapita

Tuchukue tanki ya maji iliyowekwa juu ya nyumba. Tanki ikiwa juu zaidi, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi ndani ya bomba. Ule urefu wa tanki ndio tunaweza kulinganisha na volti. Maji yenyewe yanayopita kila sekunde ndiyo mkondo wa umeme, na tunaupima kwa amperi. Bomba likiwa jembamba, maji yanapita kidogo hata kama tanki iko juu sana. Ule ubishi wa bomba, kwa upande wa umeme, unapimwa kwa omu.

Jina hilo linatoka kwa Mjerumani Georg Simon Ohm, ambaye alichapisha sheria yake mwaka 1827. Ni hesabu ya mtoto wa shule: chukua volti, gawanya kwa omu, unapata amperi. Volti 3 kwenye waya wa omu 1 zinapitisha amperi 3. Volti 6 kwenye waya uleule zinapitisha amperi 6.

Kwa hiyo batri haiamui peke yake ni amperi ngapi zitapita. Batri inasukuma tu. Kile kilichofungwa mbele yake ndicho kinachoamua ni kiasi gani kitapita. Kwa balbu ya zamani jambo hilo ni rahisi. Kwa moteri kuna kitu kimoja zaidi, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Kinachozungusha ni amperi

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Danmark aliona kwamba waya wenye umeme unasogeza sindano ya dira. Maana yake waya wenye umeme unakuwa kama sumaku. Mwaka uliofuata, 1821, Mwingereza Michael Faraday alitumia jambo hilo kufanya waya uzunguke bila kusimama. Moteri zote za leo, kutoka ile ya gari ya mtoto mpaka ile ya gari kubwa ya umeme, zinatoka pale.

Ukifungua moteri ndogo ya gari ya kuchezea unakuta vitu vichache. Kuna sumaku mbili zilizobandikwa ndani ya kopo. Katikati kuna chuma chenye kuzungushiwa waya mwembamba wa shaba, ndiyo bobini. Nyuma kuna vipande viwili vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka ili umeme uingie; ndani ya moteri kubwa zaidi vipande hivyo ni vya makaa. Umeme ukipita ndani ya bobini, bobini inakuwa sumaku, inavutwa na kusukumwa na zile sumaku za pembeni, na moteri inazunguka.

Nguvu ya kuzungusha, ile ambayo shule za ufundi zinaita kopli, inafuata amperi. Amperi zikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzungusha inaongezeka mara mbili. Zikipungua nusu, nayo inapungua nusu. Volti haimo moja kwa moja ndani ya hesabu hiyo.

Nguvu ya kuzungusha si mbio. Mtu anayefungua boloni ya gurudumu la lori anatumia nguvu nyingi ya kuzungusha, lakini boloni inasogea polepole. Feni ndogo inazunguka mbio sana, lakini unaweza kuisimamisha kwa kidole. Gari inayopanda mlima inahitaji ile ya boloni kabla ya ile ya feni.

Moteri yenye kuzunguka inatengeneza umeme pia

Kitu ambacho macho hayaoni ni hiki: moteri ikizunguka, inatengeneza umeme wake yenyewe. Wakaaji wa Bukavu hawahitaji kwenda mbali kuelewa. Pale Ruzizi, mto unapotoka mu ziwa Kivu, maji yanazungusha mashine na mashine inatoa umeme. Ndani ya mashine hizo kuna bobini na sumaku, sawa na ndani ya moteri. Ukiipa mashine umeme, inazunguka. Ukiizungusha, inatoa umeme. Ni mlango mmoja unaofunguka pande mbili.

Basi moteri ya gari ya mtoto ikizunguka, inakuwa Ruzizi ndogo. Inatengeneza volti zake, na volti hizo zinasukuma kinyume cha batri. Kadiri inavyozunguka mbio, ndivyo inavyosukuma kinyume zaidi. Zinazobaki ili kupitisha mkondo ni volti za batri ukitoa volti za moteri yenyewe.

Ndiyo maana gari ikiwa inakimbia bure, magurudumu hewani, inakunywa umeme kidogo. Moteri inazunguka mbio mpaka volti zake zinakaribia zile za batri, na mkondo unakuwa mdogo. Ukiibebesha mzigo, inapunguza mbio. Ikipunguza mbio, volti zake za kinyume zinashuka, amperi zinapanda, na nguvu ya kuzungusha inapanda pia mpaka itoshe kubeba mzigo. Moteri inajipanga yenyewe, bila mtu kuiambia.

Kwa hiyo ni mzigo unaoomba amperi. Volti inaamua moteri itazunguka kwa mbio gani wakati inatoa amperi hizo.

Hesabu ya papa fundi

Ili mtoto aelewe, fundi alichukua kalamu na karatasi ya daftari. Alitumia namba za duara: moteri yenye omu 1, batri mbili zinazotoa volti 3, bila kuhesabu msuguano wala udhaifu wa batri. Namba za kweli zingekuwa tofauti kidogo, lakini njia ni ileile.

Magurudumu ya kwanza yalikuwa na upana wa sentimeta 4. Tuseme kwa mlima ule, na magurudumu yale, gari ilihitaji amperi 2. Amperi 2 kwenye omu 1 zinakula volti 2. Batri ina volti 3. Inabaki volti 1 ya kuzunguka. Ni kidogo, lakini inatosha: gari inapanda polepole. Ndivyo ilivyokuwa wiki za kwanza.

Magurudumu ya sapatu yalikuwa na sentimeta 6, yaani mara moja na nusu ya yale ya zamani. Gurudumu kubwa ni kama mkono mrefu unaokupinga: ili kusukuma gari ileile kwenye mlima uleule, moteri inapaswa kutoa nguvu ya kuzungusha mara moja na nusu. Amperi 2 zinakuwa 3. Amperi 3 kwenye omu 1 zinakula volti 3. Batri ina volti 3 tu. Ya kuzunguka haibaki hata moja. Gari inaguna na kusimama pale chini, na ndivyo watoto walivyoona.

Kisha wakaongeza mawe mawili, jumla volti 6. Mlima ni uleule, magurudumu ni yaleyale, mzigo bado unaomba amperi 3. Zinakula volti 3, na sasa inabaki volti 3 za kuzunguka. Moteri inazunguka mara tatu zaidi kuliko siku za mwanzo, na kwa sababu gurudumu ni kubwa, gari inaenda mara nne na nusu mbio zaidi. Makofi yalikuwa ya haki.

“Sasa unaona?” fundi akauliza. “Kupanda ilihitaji amperi tatu. Volti zingine zote zilienda mu mbio.”

Mtoto akajibu: “Lakini papa, ilipanda.”

Na hapo mtoto alikuwa na haki. Volti zaidi zinaruhusu amperi zaidi kupita wakati mzigo unaziomba, kwa hiyo zinaweza kuifanya gari ishinde mlima ulioishinda. Hilo si uongo. Swali ni bei yake.

Kwa nini iliungua

Bei ni moto. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto linalotoka kwenye waya linafuata amperi zikizidishwa kwa zenyewe, kisha kwa omu. Amperi zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Zikiwa mara tatu, joto mara tisa.

Turudi kwenye karatasi ya fundi. Magurudumu madogo, amperi 2: joto ndani ya bobini ni wati 4. Magurudumu ya sapatu, amperi 3: wati 9. Hapo gari ilikuwa bado inatembea. Halafu jiwe. Moteri ikasimama kabisa. Ikisimama, haitengenezi tena volti za kinyume hata kidogo. Ile Ruzizi ndogo imefungwa. Volti zote 6 zinaangukia waya wa omu 1. Amperi 6. Sita mara sita, wati 36.

Wati 36 ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba, bila kuzunguka na bila upepo. Kwa wakati ule ile haikuwa tena moteri, ilikuwa resho. Kwa batri mbili za kwanza, hata ikikwama kabisa, ingekuwa wati 9. Kuongeza volti mara mbili kulileta joto mara nne kwenye siku ya kukwama.

Kisha mambo yanajiharibu yenyewe. Waya wa shaba wa bobini umepakwa vernisi nyembamba sana ili waya zisigusane. Joto likipita kiasi, vernisi inaungua, ndiyo ile harufu. Waya zikigusana, umeme unapita njia ya mkato, omu zinapungua, amperi zinaongezeka, joto linaongezeka tena. Sumaku nazo zinapungua nguvu zikipata joto, na aina fulani za sumaku hazirudishi nguvu yote hata zikipoa. Moteri iliyochomeka kidogo inaweza kuzunguka bado, lakini inakula batri haraka na haina tena nguvu ya kwanza.

Dereva wa taksi anajua jambo hilo kwa jina lingine. Injini ikikataa kuwaka na yeye akashikilia ufunguo muda mrefu, demareri inapata moto na batri inaisha. Pompi iliyokwama na mchanga inafanya vilevile. Moteri yenye kukwama huku umeme unaingia iko hatarini kuliko moteri yenye kufanya kazi ngumu.

Dawa ni meno na magurudumu

Kama mzigo ndio unaoomba amperi, dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo ambao moteri inausikia. Kuna njia tatu, na hakuna hata moja inayohitaji batri mpya.

Ya kwanza ni magurudumu. Kurudisha yale ya sentimeta 4 kulitosha kurudisha amperi 3 kuwa 2.

Ya pili ni meno. Kati ya moteri na magurudumu kuna pinyo, kale kagurudumu kadogo ka meno kwenye moteri, na gurudumu kubwa la meno ambalo pinyo inazungusha. Pinyo ya meno 12 ikizungusha gurudumu la meno 48, moteri inazunguka mara 4 ili gurudumu lizunguke mara moja, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara 4. Ukiweka pinyo ya meno 8, inakuwa mara 6. Ni kama baiskeli au gari ya kweli: mbele ya mlima dereva anarudi kwenye vitesi ya kwanza.

Watu wanaogopa kwamba gari itakuwa konokono. Hesabu inasema vingine. Tuchukue mlima mwepesi zaidi, ambao kwa pinyo ya meno 12 unaomba amperi 1 na nusu. Kwa volti 3 na omu 1, inabaki volti 1 na nusu ya kuzunguka. Ukiweka pinyo ya meno 8, mlima uleule unaomba amperi 1 tu, na inabaki volti 2. Moteri yenyewe inazunguka mbio zaidi kuliko mbele. Ukishagawanya kwa meno, gari inapoteza sehemu 1 tu kati ya 9 ya mbio zake kwenye mlima. Lakini joto ndani ya bobini linashuka kutoka wati 2 na robo mpaka wati 1. Unatoa kidogo, unapata mengi. Kwenye njia iliyo sawa, ndiyo, gari itapoteza karibu sehemu 1 kati ya 3 ya mbio. Ni lazima kuchagua: kushindana kwenye kiwanja au kupanda Kadutu.

Jambo la kuangalia: meno ya pinyo mpya yawe ya ukubwa uleule na ya gurudumu kubwa, na yagusane vizuri. Yakikazana sana yanaleta msuguano. Yakiachana sana yanakulana.

Njia ya tatu ni uzito na usafi. Nyuzi na nywele zilizojifunga kwenye ekseli, udongo uliokauka, gurudumu linalogusa mwili wa gari: vyote hivyo ni mlima ambao gari inaupanda hata kwenye njia iliyo sawa.

Magari makubwa ya mashindano

Sheria hiyo haibadiliki kwa magari ya bei. Kampuni Tamiya ya Japani ilitoa gari yake ya kwanza ya telekomandi mwaka 1976, Porsche 934, na tangu miaka ile moteri ya aina inayoitwa 540 ilienea sana kwa magari hayo. Mara nyingi ilitumia batri ya volti 7.2, yaani seli sita za volti 1.2. Bobini za moteri kama hizo zina omu kidogo sana, sehemu ndogo ya omu moja. Ndiyo maana zikikwama zinaweza kuomba makumi ya amperi, na waya mwembamba unapata moto mara moja.

Moteri za kisasa zisizo na makaa zinaandikwa namba inayoitwa KV. Namba hiyo inasema moteri ikiwa bure inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti. Yenye KV 3000, kwa volti 7.4, inaelekea kuzunguka 22,200 kwa dakika. Watoto wakubwa wanakimbilia namba kubwa. Lakini namba hiyo ina upande wa pili: KV ikiwa mara mbili, nguvu ya kuzungusha kwa kila amperi inakuwa nusu. Moteri ya KV 1500 inatoa kwa amperi 10 ile nguvu ambayo ya KV 3000 inatoa kwa amperi 20. Kwa mlima na mzigo, namba ndogo ndiyo rafiki.

Batri nayo iko na mpaka

Mpaka hapa tumesema kama vile batri inatoa chochote inachoombwa. Si hivyo. Batri ina omu zake za ndani. Mawe ya bei ndogo yakiombwa amperi nyingi, volti zake zinaanguka, na joto linabaki ndani yake. Ndiyo maana mawe mapya yanaweza kuonekana yamekufa kisha dakika kumi, halafu yakafufuka kidogo yakipumzika.

Batri za lithiamu ni kinyume. Omu zake za ndani ni kidogo, zinatoa amperi nyingi bila kulalamika. Seli moja ina volti karibu 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Vijana wanazitoa ndani ya kompyuta zilizokufa na kuzifunga kwenye vitu vya kuchezea. Hapo hatari haiko tena kwa moteri peke yake. Waya zikigusana, au moteri ikikwama na hakuna kitu cha kukata umeme, seli inaweza kupata moto mpaka iwake, na moto wa lithiamu ndani ya nyumba ya mbao si mchezo. Seli iliyovimba isitumiwe tena, isitobolewe, isichajiwe. Na hakuna batri ya lithiamu ya kuchaji usiku juu ya kitanda wakati watu wamelala.

Inafaa kukumbuka kwamba vitu hivi si vya mbali. Kongo ni nchi ya kwanza duniani kwa kutoa kobalti, na kobalti hiyo, ambayo kubwa inatoka Lualaba na Katanga ya Juu, inaingia ndani ya batri nyingi za lithiamu. Shaba pia, ile inayozungushwa ndani ya bobini, inachimbwa kulekule. Vinatoka kwetu vikiwa mawe, vinarudi vikiwa vya kuchezea, na mtoto anavichoma kwa kukosa maelezo ya robo saa.

Cha kufanya nyumbani

Mafundi wanashauri mambo machache ambayo kila mtoto anaweza kushika. Gari ikisimama, achia telekomandi palepale. Nenda ukaiinue kwa mkono. Kisha kila mbio chache, gusa moteri: kama huwezi kuweka kidole juu yake, ipo karibu digrii 60 au zaidi, iache ipoe. Usizidishe volti zilizoandikwa kwenye sanduku la batri. Na mbele ya kubadili chochote, fikiria kama unataka mbio au unataka kuvuta.

Mwenye multimeta anaweza kuona jambo hilo kwa macho. Anaweka waya wa kupima kwenye tundu la amperi 10, anapitisha umeme wa moteri ndani yake, kisha anafinya ekseli kwa vidole kidogo. Moteri inapunguza mbio, namba ya amperi inapanda. Akiachia, inashuka. Somo lote liko pale.

Papa fundi alikuwa na katoni ya magari yaliyokufa. Akatoa moteri moja ya ukubwa uleule, akaiunganisha, akarudisha sanduku la mawe mawili. Hakuomba franka, alimwambia mtoto arudi Jumamosi amshikie taa wakati anatengeneza radio. Magurudumu ya sapatu yalibaki kwenye meza.

“Nitaweza kuyarudisha siku moja?” mtoto akauliza.

“Utayarudisha. Lakini kwanza unitafutie pinyo ya meno machache.”

Jioni ile gari ilipanda mteremko polepole, kama siku za mwanzo, bila makofi. Karibu na lile jiwe mtoto aliachia telekomandi, akaenda kuliondoa kwa mkono, kisha akaendelea.